Kutibu, Kuponya na Majembe Kutoka Mtae

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo, na kwa udogo wake nilishindwa kulitoa kichwani. Mtu akikuuliza jambo, nawe ukamjibu ukweli mtupu, kisha akaondoka akiamini kitu kisicho cha kweli, nani amedanganya?

Mama aliniuliza, "Watamtibu?" Nikajibu, "Ndiyo, mama, watamtibu." Niligeuza maneno hayo kichwani kama mtu anayekagua noti akiihofia kuwa bandia, na kila nilipoyageuza niliyakuta halali. Hata hivyo sikulala.

Baba alikuwa amelazwa wodi ya wanaume, katika hospitali iliyo chini yetu, Lushoto mjini. Tangu mvua za vuli chakula kilikuwa kinakataa kupita kooni. Aliacha ugali, akaacha wali, akabaki na uji, na uji nao aliumeza kwa kufumba macho, huku sisi wengine tukijifanya tunaangalia pembeni. Siku ile daktari mgeni, mzungu aliyekuja kusaidia kwa muda, alikuwa akipita kitanda kwa kitanda na nesi wa kumfasiria. Alipofika kwetu, nesi akaitwa wodi ya wazazi. Daktari akatazama huku na huku, akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza kama kuna mtu anajua Kiingereza.

Baba akaninyooshea kidole kabla sijainua kichwa.

"Huyu," akasema kwa ile sauti yake iliyokuwa imekwisha kuwa mkwaruzo. "Huyu amekisoma chuo kikuu. Muulize chochote."

Ni kweli nimekisoma. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza asiye na shule. Ninayo digrii, ninayo maombi ya ajira yasiyojibiwa, na nina darasa la tuisheni la kidato cha nne katika chumba nyuma ya duka la pembejeo. Somo ninalolipenda ni vitenzi vinavyokaribiana, vile ambavyo kamusi inavipa tafsiri moja lakini Mwingereza havichanganyi. See, look, watch. Nawaambia wanafunzi, ukitoka nje, macho yako yakamkuta mbuzi wa jirani kwenye kabichi zenu, hiyo ni see. Ukigeuza kichwa kwa makusudi umtazame, ni look. Ukikaa kwenye kigoda kuona atafika tuta la ngapi, ni watch.

"Na ukimpiga jiwe, ticha?" aliuliza mmoja wao.

"Hiyo ni kesi kwa mwenyekiti wa kitongoji," nikamjibu, wakacheka.

Chuoni tulisoma pia treat, cure na heal. Treat ni kazi ya daktari: anapima, anatoa dawa, anafunga bandeji, matokeo yawe yoyote. Cure ni pale ugonjwa unapoondoka usirudi. Heal ni ya kidonda kinachojifunga chenyewe, au ya moyo wa mtu. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani nikalipata lote. Nakumbuka nilitoka ukumbini nikitembea kwa madaha.

Daktari alisema polepole, kwa upole. Alisema watam-treat baba lakini hawawezi kum-cure. Saratani ilikuwa imekwisha kutoka kooni na kushika mahali pengine. Alisema wata-manage maumivu, yaani kuyatuliza tu. Hapo nikakwama, maana manage kwetu imeishia kwa meneja, nikamwona kichwani meneja wa maumivu ya baba amevaa tai, amekaa nyuma ya meza. Ndivyo akili yangu ilivyo. Nyumba ikiungua itasimama kwanza kutafuta asili ya neno moto. Daktari akaendelea. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani wakati wowote familia itakapokuwa tayari, na ingefaa iwe mapema, angali anaweza kuketi mwenyewe na kutambua alipo. Dawa za maumivu tungepewa, na nesi angetufundisha namna ya kumpa.

Nilikuwa bado napanga sentensi. Nilitaka sentensi ambayo ingeingia masikioni mwa mama bila kupita kwa baba aliyelala kati yetu. Mama akanivuta mkono.

"Anasema nini? Mbona kirefu hivyo? Watamtibu?"

"Ndiyo, mama. Watamtibu."

Akasimama, akamshika daktari mkono kwa mikono yake yote miwili, akapiga goti kidogo kama afanyavyo kwa mchungaji. "Asante sana. Mungu akubariki, akubariki sana." Yule daktari macho yakajaa maji. Sina shaka aliona mbele yake mwanamke mwenye moyo mkuu, aliyepokea habari ya mumewe kwa shukrani. Akaenda kitanda cha pili.

Nikageukia kitanda cha baba. Alikuwa akinitazama, na aliendelea kunitazama hata nilipojifanya nakunja shuka lililokwisha kukunjwa.

Kuanzia hapo mambo yalikuwa hivi. Kila tulipoingia wodini baba aliuliza, "Narudi lini nyumbani?" Na kila mara mama alimjibu kwa furaha, "Ukipona, baba watoto. Huwezi kutoka dawa zikiwa katikati." Alikuwa amemtengea mbegu za viazi chini ya kitanda chao nyumbani, akisema lile tuta la juu hatalipanda mtu mwingine. Alizifunika gunia zisichipue haraka. Darasani nimefundisha hope na expect mara nyingi, kwamba unaweza kutumaini jambo ambalo hulitarajii. Mama alikuwa anatarajia. Alikuwa amekwisha kupanga hata nani atalisafisha jembe.

Kwa hiyo nilijua kinachokuja. Maadamu mama aliamini baba atapona, asingekubali atoke wodini, na baba angefia pale, amezungukwa na vikohozi vya watu wengine, akiuliza habari za nyumba iliyo mlimani juu yake, karibu kiasi kwamba asubuhi ukungu ukipanda ungeweza kuyaona mabati yake kutoka geti la hospitali.

Utauliza kwa nini sikumwambia. Kwetu mtoto hapeleki neno kama hilo kwa mama yake. Linapelekwa kwa mkubwa wa ukoo upande wa baba, naye ndiye anayekuja, anakaa, anakunywa maji, anaulizia mifugo na mashamba, kisha analitua neno mahali panapostahili. Mtoto akilisema mwenyewe itaonekana anamwombea mzazi mabaya. Mkubwa huyo kwetu ni baba mkubwa, kaka wa baba, anayeishi Mtae, kule juu kabisa ukingoni ambako barabara ni mbovu na simu inashika ukisimama mahali fulani tu nyuma ya kanisa.

Nilimpigia kwa siku kadhaa bila kumpata. Nilipompata nilikuwa nimekwisha kupanga na kupangua maneno mpaka hayana ladha. Nilijua anaweka simu sauti ya juu, na kwamba palipo na yeye pana watu. Sikutaka ugonjwa wa baba utangazwe nyuma ya kanisa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Baba mkubwa, naomba uje."

"Nije?"

"Kuna jambo. Siwezi kulisema kwenye simu."

Nilisikia upepo, na mtu akimuuliza kitu, naye akimnyamazisha. Aliporudi sauti yake ilikuwa nyingine.

"Nimekuelewa, mwanangu. Usiseme zaidi. Jikaze, wewe ndiye mkubwa hapo. Mshike mama yako. Tunakuja."

Nilikata simu nikaketi chini palepale. Alikuwa ameelewa bila mimi kutamka. Nikafikiri, hawa ndio wakubwa, ndiyo maana tunawapelekea mambo. Nilijiuliza mara moja tu kwa nini alisema tunakuja badala ya nakuja, nikajiambia acha, umezidi.

Asubuhi iliyofuata shangazi alikuwa hospitalini na baba. Mama na mimi tulikuwa nyumbani. Yeye alifua pajama za baba uani, mimi nikachuja uji wa kumpelekea. Tulisikia gari likijikaza kupanda, likazimika kwenye kona ya mipeasi ambako magari yote huzimika. Kisha tukasikia kilio.

Kilio cha msiba hukifananishi na kingine. Kilianza na sauti moja ya mwanamke, zikaipokea nyingine, zikaja zikipanda njia yetu. Kisha wakatokea. Mbele mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, khanga kiunoni, mikono kichwani. Nyuma yake wanawake wa Mtae na mizigo ya kuni, mkungu wa ndizi, maharage, mahindi ya kukoboa na sufuria ya kanisa. Nyuma yao wanaume, kimya, majembe na masepetu mabegani. Baba mkubwa alivaa koti lake jeusi la Pasaka.

Mama alinitazama mimi kwanza. Nilijua anachowaza, kwamba hospitali ilinipigia nikamficha. "Mume wangu," akasema, si kwa sauti kubwa, akakalia beseni, maji na pajama vikamwagika naye akawa katikati yake.

Nilifungua kinywa, kikakauka. Na msiba kwetu haungoji mtu afungue kinywa. Majirani walikuwa wamekwisha kumiminika kupitia migombani. Vijana wakaingia ndani kufanya inavyofanywa, kutoa vyombo sebuleni ili watu wapate pa kukaa. Yakatoka makochi na vitambaa vyake, ikatoka meza, ikatoka televisheni imefunikwa khanga, vyote vikapangwa kwenye majani yenye umande. Mzee mmoja mwenye sepetu akanishika bega kwa huruma.

"Pole, binti. Tuchimbe wapi? Pale kando ya babu yenu?"

Ndipo sauti ilipotoka. "Hajafa! Baba yuko hai! Jamani, hajafa!"

Wanawake wakazidisha kilio. Walidhani nimechanganyikiwa, wawili wakanikumbatia kwa nguvu nisijidhuru. Ilinibidi nijinasue, nimpigie shangazi, niweke sauti ya juu, niinyanyue simu.

"Shangazi, mpe baba."

Tukasikia vitu vikigongana, kisha ule mkwaruzo.

"Haloo. Nani anapiga kelele hapo kwangu? Nani amekufa?"

Uwanja mzima ukanyamaza. Baba mkubwa akaisogelea simu polepole kama mtu anayemsogelea nyoka.

"Wewe," akasema. "Umekufa wewe."

"Mimi? Nani kasema?"

"Mwanao, huyu msomi."

"Sikusema amefariki!" nikasema.

"Ulisema nije, kuna jambo huwezi kulisema kwenye simu. Sasa niambie, kuna jambo gani jingine duniani ambalo halisemeki kwenye simu?"

Baba alicheka kwenye simu. Kicheko kilimgeukia kikawa kikohozi kirefu, tukasubiri, naye akarudi. "Mmekuja na maharage?"

"Gunia zima," alisema mama mkubwa, machozi bado yanamtiririka.

"Basi yapikeni. Msirudi nayo Mtae, barabara itawaua kweli."

Hapo watu wakaanguka kwa kucheka. Wanaume waliegemea majembe wakifuta macho. Mama mkubwa alikaa kwenye kochi lililokuwa nje akijipepea, akasema, "Huyu sasa atatuzika sote." Wakawasha moto, wakainjika makande ya msiba katika sufuria ya msiba, wakayapika kwa nyimbo za shukrani. Mama alibadili khanga iliyoloa akaenda kukoroga mwenyewe. Nilikuwa sijamwona akicheka vile tangu baba aache ugali. Kila aliyepita alimwambia, "Mungu amekurudishia," naye akajibu, "Na wanamtibu vizuri, daktari mwenyewe alimwambia huyu mwanangu."

Alinionyesha kwa mwiko.

Nimesoma mahali kwamba say inaweza kusimama peke yake, unaweza kusema tu, hata upepo ukachukua. Tell haisimami bila mtu wa kuambiwa. Nilisimama pale na sahani ya makande nikiona kwamba nilikuwa nimesema mengi, kwa lugha mbili na kwa simu, na hakuna mtu hata mmoja niliyekuwa nimemwambia.

Nilimwita baba mkubwa tukakae kwenye makochi, mbali kidogo na moto. Ilikuwa ajabu kuketi sebuleni kwetu chini ya anga. Nikamwambia. Nilitumia maneno mafupi. Hatapona, baba mkubwa. Wanapunguza maumivu tu. Anataka kuja nyumbani na mama hataki atoke mpaka apone.

Alikaa na sahani yake magotini. Nilimwona anazeeka.

"Ndiyo jambo ulilokuwa unaniitia?"

"Ndiyo."

Akatazama wanawake waliokuwa wakiimba. "Watu hawa wamelia njia nzima kutoka Mtae. Sasa wamecheka. Nitasimamaje niwaambie walie tena?"

"Si wao. Mama tu."

"Mama yako ndiye anayecheka kuliko wote."

"Baba mkubwa, wewe ndiye mkubwa."

"Najua mimi ni nani." Alisema bila ukali. "Nilijiandaa kumzika mdogo wangu, mwanangu. Nilijiandaa njiani, nikawa tayari kabisa. Huku kwingine sikujiandaa. Nipe muda. Nitarudi."

Kabla ukungu haujashuka walipakia majembe yao wakaondoka. Alimuaga mama kwa kumshika mikono yote miwili, nikadhani atasema, akasema, "Shemeji, Mungu ni mwema." Gari likashuka. Nililitazama mpaka likaishia kwenye mipeasi. Sikumkasirikia. Kama angekuwapo mtu wa kumwachia neno lile, hata mimi ningemwachia niende nalo gari lile.

Mama alikuwa akikung'uta vitambaa vya makochi tuviingize ndani. Nilishika upande mmoja wa meza, naye akashika upande wa pili, na hapo nikaiweka chini.

Nilimwambia kwa Kishambaa. Kiswahili nimekifanyia mitihani, Kiingereza nimekifanyia mitihani zaidi, na katika lugha zote mbili nina mahali pa kujificha. Kwa Kishambaa sijui kusema ila kama mtoto wa nyumba ile. Nilisema baba hatapona, kwamba daktari alisema hivyo siku ile, na kwamba baba anataka kufia kwake.

Hakulia. Aliinua kitambaa kilichokuwa mkononi mwake akanipiga nacho begani, mara moja, kisha tena, kitambaa chepesi cha kufumwa kisichoweza kumuumiza mtu.

"Umeniacha nikapika," akasema. "Umeniacha nikaimba mbele za watu. Ulisimama pale na sahani unanitazama!"

"Nisamehe, mama."

"Niliwaambia wote anatibiwa!"

"Anatibiwa, mama. Hiyo ni kweli."

"Nyamaza na kweli yako."

Aliketi kwenye kochi, kule nje, akavuta khanga mpaka kichwani. Niliketi naye. Ukungu ulikuwa umeingia uani, moto wa makande unazimika wenyewe.

"Yeye anajua?" aliuliza hatimaye.

"Nadhani alijua siku ileile. Alinitazama sana."

"Ndiyo maana haulizi habari za dawa. Anauliza habari za nyumba tu." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Na mimi namjibu ukipona, ukipona. Kama namfukuza kwake."

Akalia hapo, kwa sauti ndogo, tofauti kabisa na ile ya asubuhi. Sikujua nimshike wapi, nikamshika mguu.

Alipoinuka hakurudi kwenye meza. Aliingia ndani, nikamsikia akitembea katika sebule tupu, hatua zake zikitoa mwangwi. Akatokeza mlangoni.

"Makochi yaende kwa jirani," akasema. "Njoo tubebe kitanda. Tukiweke hapa dirishani, aone matuta."

Tulikibeba sisi wawili. Tulipokivuta, mbegu za viazi zilibaki pale chumbani, chini ya gunia lake, na hakuna aliyezisogeza.

Asubuhi nilishuka hospitalini peke yangu, mama akabaki kutandika. Nilimngoja daktari kwenye korido. Njiani nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu kwa Kiingereza, yenye samahani na shukrani na maelezo, na nilipomwona nilisema tu kwamba tunampeleka baba nyumbani leo. Aliniuliza kama mama yangu anaelewa. Nikasema nimemwambia. Akamwita nesi, naye akaketi nami kwenye benchi akanionyesha namna ya kupima ile dawa ya maumivu, akanipa bomba la sindano lisilo na sindano nipime mwenyewe mbele yake, tena na tena, mpaka nikapatia kipimo.

Kisha nikaenda kitandani kwa baba na koti lake.

"Inuka, baba," nikasema. "Gari liko nje. Twende nyumbani."

Hakuuliza kama amepona. Alinipa mkono mmoja niuingize kwenye koti, halafu mwingine, naye shangazi akamvalisha viatu.